Mama Alipotaka Kuniletea Ng'ombe kwa Ndege

Habari kwamba ninakufa njaa nilizipata nikiwa nakula. Nilikuwa katika kantini ya wafanyakazi, chini kabisa ya hoteli moja pale West Bay, Doha, mbele yangu sahani ya biriani ya kuku, na nilikuwa nimeshaamua kuongeza nyingine. Simu ikalia. Alikuwa mama, kutoka kijijini kwetu upande wa Bungoma, na alikuwa analia.

"Mama wee," alisema, maana mimi nimerithi jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "redio imesema wamewafungia chakula. Leo umekula nini?"

Nikamwambia nakula biriani. Akalia zaidi.

Redio haikusema uongo. Majirani wa Qatar walikuwa wamekosana nayo, wakafunga mpaka wa nchi kavu, wakafunga anga na bahari upande wao, na maziwa ya Doha yalikuwa yakipita mpaka huo kila siku kwa malori. Siku ya kwanza watu walivamia maduka. Nilimwona kwa macho yangu bwana mmoja wa heshima, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akisukuma toroli mbili za kuku waliogandishwa, moja kwa kila mkono, na nyuma yake dereva wake akisukuma ya tatu, ya maji. Lakini nchi yenye pesa hainyimwi chakula kirahisi. Baada ya siku chache ndege zilianza kushusha maziwa, mtindi na jibini kutoka Uturuki, na rafu zikajaa tena.

Shida ilikuwa kwamba maboksi hayo yalikuwa yameandikwa Kituruki. Pale hotelini tukawa tunatambua maziwa kwa picha ya ng'ombe. Asubuhi moja kijana wa chai akamimina mtindi wa chumvi ndani ya chai ya wageni, kwa sababu nao ulikuwa na picha ya ng'ombe, tena aliyenona zaidi. Wageni wawili walirudisha vikombe. Wa tatu aliuliza kama anaweza kupata kingine.

Ninasema wageni watatu kwa sababu ndio karibu wote tuliokuwa nao. Watu wetu wa kila wikendi walikuwa wanatoka nchi hizo hizo zilizonuna, na sasa hawakuweza kuja. Meneja akasema meza ya kiamsha kinywa isipunguzwe hata kijiko, watu wasije wakasema hoteli imeogopa. Basi kila asubuhi tulipanga chakula cha harusi, wakaja watu wa kujaza gari dogo, na kilichobaki kikashuka kantini. Kazi yangu ilikuwa kukaanga mayai mbele ya wageni. Nilikaanga machache na kula mengi. Ninaposema kwamba kufungiwa chakula kulininenepesha, sitanii.

Sasa jaribu kumweleza mama yangu jambo hilo.

Kwetu mtoto aliye mbali hasemi shida zake. Kaka yangu alipoteza kazi Mombasa akakaa mwaka mzima akitwambia "niko sawa, kazi ni nyingi tu". Mama mwenyewe alipasuliwa tumbo hospitali, nami nikaja kuambiwa kidonda kimeshapona, na hata hapo aliita "kahoma kadogo". Mtu akifa huambiwi kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo nyumbani. Simu ya kwetu imezoea kubeba uongo wa mapenzi, hata ukiipa ukweli inaufikisha umeharibika. Nikisema nimeshiba, mama anasikia mtoto jasiri anayejikaza.

Nikaona picha ndiyo dawa. Nikamwomba mwenzangu anipige nikiwa nimeshika sahani iliyojaa, natabasamu meno yote. Nikaituma. Mama akaipeleka moja kwa moja kwa kina mama wa kanisa, ambao miongoni mwao yumo mmoja aliyewahi kujitolea kupima watoto uzito pale zahanati. Huyo mama akaivuta picha karibu, akaangalia mashavu yangu, akatikisa kichwa. Mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo, ngozi inang'aa. Akasema hiyo si afya, hiyo ni kwashakoo.

"Na sahani je?" nilimuuliza mama.

"Sahani mtu anaweza kuazima," alisema.

Kamati ikaundwa. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo wanawake wa kijijini, wenye majembe na madeni ya karo, wangekaa chini kupanga namna ya kulisha moja ya nchi tajiri kuliko zote. Kwetu jambo hilo lilifanyika Jumapili baada ya ibada, kwa maombi ya kufungua na ya kufunga. Na msimu wenyewe ulikuwa ule ambao Kenya nzima ilikuwa inalia unga. Nilisoma kwenye simu jinsi watu wa Nairobi wanavyopanga foleni za unga madukani. Nikamuuliza mama. Akacheka. "Hayo ni ya Nairobi," alisema. "Sisi tunalima."

Mzigo ulikuja na nesi mmoja wa kwetu, anayeishi jengo la pili kutoka langu hapa Al Mansoura, ambaye alikuwa amekwenda nyumbani likizo. Alifika mlangoni kwangu amekasirika, akiburuta sanduku.

"Nguo zangu zote nimeziacha kwa mamako," alisema. "Zote! Walitoa dera zangu wakaweka unga. Nikajaribu kukataa, mchungaji akaanza kuomba. Utakataa aje mtu akiwa ameshafunga macho?"

Ndani mlikuwa na unga wa mahindi ya kusaga posho mill, njugu, omena waliokaushwa na mboga za kienyeji zilizosagwa zikawa vumbi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Ugali wa unga ule ulinukia chumba kizima, na dada zangu wa Uganda tunaolala nao wakaja na mikono iliyooshwa tayari. Nikampa nesi sahani, akala akasahau dera. Alipomaliza nikamwambia ampigie mama, atoe ushahidi. Yeye ni mtu wa hospitali, ataaminiwa.

Akapiga. "Mama, nimemwona na macho yangu," alisema. "Huyu mtoto amenona. Hana shida yoyote, hata kidogo."

Nilisikia kilio kutoka upande wa pili hadi pale nilipokaa. Mtu wa hospitali akikuambia hana shida yoyote, hata kidogo, kwetu unaanza kutafuta nguo nyeusi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nililiona la akili. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaendesha lori hapa Doha. Siku zile alikuwa amepewa kazi ya ajabu kuliko zote alizowahi kufanya: kubeba ng'ombe kutoka uwanja wa ndege. Nchi ilikuwa imeamua kwamba badala ya kuomba maziwa, itawaleta wenye maziwa. Ng'ombe weusi na weupe wa Kizungu walikuwa wanashuka kwenye ndege ya mizigo, wanapakiwa kwenye malori, wanapelekwa kaskazini, kupita Umm Salal, kwenye mabanda yenye feni na mvua ya kunyunyiza. Akanitumia video akiwa amejirekodi mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Sistee, cheki hii maneno," alisema ndani ya video. "Hii ng'ombe imefika leo na inaenda kulala kwa AC. Mimi niko hapa miaka, AC ya lori imekufa, bosi, mudir, ananiambia bukra, bukra, kesho haifiki. Na vile nilikuja, transit nililala kwa sakafu. Hii imekuja direct!"

Nikamtumia mama. Nikamwandikia: tazama, nchi inayoleta ng'ombe kwa ndege haiwezi kuniacha na njaa. Nikalala kwa amani.

Mama aliitazama na kamati. Walichokiona ni nchi iliyofikia hali mbaya mpaka inapandisha ng'ombe ndege. Na mama akaona kitu kingine ambacho mimi sikukiona kabisa. Aliona kwamba jambo hilo linawezekana.

Alinipigia akiwa na sauti ya furaha, ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

"Unakaa ghorofa ya ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia ya tatu.

"Lifti iko?"

"Iko."

"Inabeba watu wangapi?"

Nikamwambia imeandikwa watu wanane, lakini tunaingia zaidi.

"Basi ng'ombe mmoja ataingia," alisema.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikagundua kwamba nacheka peke yangu. Mama ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweusi, mwenye doa kwenye paji la uso. Kila asubuhi maziwa yake huenda kwenye kibanda cha chai pale sokoni, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Hana pensheni, hana duka, mume alishatangulia. Ana yule ng'ombe. Na sasa dalali mmoja wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba anamjua mtu uwanja wa ndege wa Eldoret, kwamba Waarabu wanachukua ng'ombe wa maziwa kwa haraka, na kwamba yeye atasimamia safari yote mpaka ng'ombe afikishwe mlangoni kwangu. Mama ampeleke tu siku ya soko na amkabidhi kamba.

Kicheko kilinikauka. Nilijua vizuri kwamba akimkabidhi mtu huyo kamba, ng'ombe atapanda lori mpaka kichinjio cha karibu, na mama atabaki na mikono mitupu.

Nikampigia mchungaji. Nikamwomba kwa heshima zote amzuie mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Binti yangu, nakuelewa," alisema. "Lakini tumeshaiombea safari ya ng'ombe kanisa zima. Sasa maombi hayo tutayarudisha vipi?"

Nikamtuma ndugu yangu wa lori. Alinipigia baadaye akiwa mnyonge.

"Nimejaribu," alisema. "Nimemwambia, Mama Mkubwa, hizi ndege zinabeba ng'ombe za Wazungu peke yake. Akaniuliza kwani yake ina ubaya gani. Nikamwambia hata lugha haitaelewa huku. Akasema, 'Si hata wewe ulijifunza?' Sistee, khalas, mimi nimeshindwa."

Nikaona maji yamezidi unga. Kila siku nilimpigia, na kila siku nilisema maneno yale yale: nimeshiba, niko salama, usimpeleke ng'ombe. Na kila nilivyosema ndivyo alivyozidi kuamini kwamba hali ni mbaya. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alinijibu. Ukishafikiwa na methali, hujadili tena. Niliomba ruhusa ya dharura niende nyumbani. Msimamizi akaniuliza dharura gani. Nikamwambia mama anataka kunitumia ng'ombe. Akasema nirudi kwenye mayai.

Siku iliyotangulia siku ya soko nilipiga tena, wakati wa mapumziko ya mchana, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma ambako watu wa jikoni huvutia sigara. Ilikuwa siku mbaya. Mgeni mmoja alikuwa ameagiza kimanda kisicho na mayai. Nilimuuliza kama anamaanisha kisicho na kiini. Hapana, kisicho na mayai. Nikamkaangia vitunguu na nyanya, akarudi kulalamika kwamba kimanda chake hakishikani, na msimamizi akanigombeza mimi mbele ya kila mtu. Miguu ilikuwa inawaka moto ndani ya viatu vya kampuni.

"Nimeshamwosha," mama alisema hata kabla sijamsalimia. "Kesho alfajiri mchungaji anakuja tumsindikize. Niambie jambo moja tu. Huko kuna nyasi, ama nimfungie majani ya nepia?"

Sijawahi kumfokea mama. Kwetu ni mwiko, na mimi mwenyewe ninawasema vibaya wanaofanya hivyo. Lakini kitu kilipasuka.

"Mama, wachana na nepia!" nilisema. "Wewe unajua shida yangu ni nini? Ni viatu! Vinanibana mpaka kucha imetoka, nimeomba vingine tangu mwaka jana, wananiambia ngoja. Nimechoka na mayai. Sitaki kuona yai maisha yangu yote. Naota mayai! Hapa hakuna mtu anajua jina langu, wananiita Eggs, hata kwa gari la kampuni, Eggs, sogea. Nalala kitanda cha juu, dari iko hapa puani. Huyu wa chini yangu anakoroma kama posho mill, nikimwamsha ananiambia ni mimi nilikuwa nakoroma. Harusi ya dada sikuja. Mazishi ya bibi, shosho wangu, sikuja. Nimeomba likizo mara mbili, wamenikataza mara mbili. Nikisikia mtu akiongea lugha yetu barabarani namfuata kama mwendawazimu, hata simjui. Na nimenenepa! Sketi hazifungi, nimefunga na pini, pini imenichoma leo mbele ya wageni! Hiyo ndiyo hali yangu. Njaa sina. Ningekuwa nayo ningekwambia, maana sasa nimekwambia yote!"

Nikaishiwa pumzi. Kijana mmoja wa vyombo aliyekuwa anavuta sigara alizima ya kwake ikiwa nusu, akaingia ndani taratibu.

Nikadhani simu imekatika, au nimemuua mama yangu. Kisha nikasikia anacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kushika magoti.

"Sasa hivyo ndivyo anavyoongea mtu aliyeshiba," alisema. "Mwenye njaa anatoa wapi nguvu ya kutukana viatu?"

"Kwa hiyo ng'ombe?"

"Atabaki. Huyo mtu wa sokoni, kama anapenda ndege, apande yeye."

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru hata yule mgeni wa kimanda. Mama akaanza kuniuliza habari za kucha, nipake nini, niiloweke kwenye maji ya chumvi. Alinisikitikia harusi na mazishi, akaniambia kaburi la shosho wamelipandia maua. Tuliongea kwa namna ambayo hatukuwa tumewahi kuongea tangu nipande ndege kuja huku. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, nikamuuliza na mimi.

"Na nyinyi leo mmekula nini?"

"Sisi tumekula vizuri, tuko sa..."

"Mama. Mimi nimekwambia yangu yote."

Nilisikia kuku wake wakiparura karibu na simu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayejaribu njia asiyoijua.

Aliniambia viwavi waliingia shambani wakamaliza mahindi yakiwa bado machanga. Ghala halikuwa na kitu tangu kabla ya redio kusema habari za Qatar. Unga ule aliobeba nesi ulikuwa wa mwisho. Kina mama wa kamati walikuwa wamekung'uta kila mmoja debe lake wakauchanganya, na tangu siku hiyo wengi wao walikuwa wanakula viazi vitamu na mboga, asubuhi na jioni. Kwa mama yangu kulikuwa na nafuu, alisema, kwa sababu ya maziwa.

"Maziwa ya nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ya huyu tuliyemwosha."

"Na ungemtuma?"

"Ningemtuma."

Nilipandwa na hasira tena, ya aina nyingine, ile inayokuja na machozi. Nilimwambia mimi huku nafunga sketi na pini, sisi huku tunamwaga chakula, yeye anawezaje kukaa na njaa halafu atoe kitu cha mwisho cha kuweka mdomoni. Nilimuuliza angekunywa nini. Nilimuuliza kama ana akili timamu.

"Usipige kelele, masikio yangu ni mazima," alisema. "Njaa ya nyumbani si kitu, mama. Mimi nikikosa moto, naenda kwa jirani naomba kaa. Nikikosa chumvi, naita tu kwa ua, napewa. Hata hivi viazi ninavyokula si vyangu. Lakini wewe niliambiwa ni majirani wenyewe waliofunga mlango. Sasa mtu wa namna hiyo nimwache na nini?"

Nililia pale ngazini, simu iko sikioni, na yeye hakukata. Alikaa upande wa pili akinisikiliza mpaka mapumziko yangu yalipokwisha.